Kamisheni ya Dalali Ni Deni

Kamisheni ni ujira unaolipwa kwa matokeo. Dalali wa nyumba, winga wa duka, mtu anayemtafutia mkulima mnunuzi wa magunia ya mpunga au madumu ya asali, wote hawalipwi kwa saa walizotembea wala kwa maneno waliyosema. Wanalipwa mali ikishauzwa. Mpaka siku hiyo gharama ni zao: nauli, vocha, muda, na kukataliwa mlango baada ya mlango. Kwa sababu hiyo migogoro ya kamisheni karibu yote huzuka mahali pamoja. Mali imeuzwa, fedha imeingia mkononi mwa mwenye mali, na aliyemleta mnunuzi anaambiwa aje kesho, kisha wiki ijayo, kisha simu haipokelewi.

Maoni yaliyoenea kuhusu migogoro hii yanasimama juu ya hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba pasipo maandishi hakuna deni. Ya pili ni kwamba kamisheni ni asante ya mwenye mali, naye ana hiari ya kutoa nono, kutoa ya soda, au kutotoa kabisa. Ya tatu ni kwamba mnunuzi na muuzaji wakishajuana wanaweza kumalizana wenyewe, na dalali hana la kusema kwa sababu hakuwapo mezani fedha ilipohesabiwa. Hoja hizi zinasikika kwa wenye nyumba, kwa wafanyabiashara, hata kwa watu waliosoma, na baya zaidi zinasikika kwa madalali wenyewe, ambao wengi wao wamezikubali kiasi cha kuhesabu kudhulumiwa kuwa sehemu ya kazi. Zote tatu ni potofu. Sheria ya Tanzania haizikubali, na historia ya biashara katika nchi ya Unyanyembe, ndilo eneo la Tabora, inaonyesha kwamba madai ya namna hii yalichukuliwa kuwa deni kabla hata ya sheria hiyo kuandikwa.

Mfano wa kawaida ni kiwanja cha pembezoni mwa mji wa Tabora. Upande wa Kipalapala, panapojulikana nchi nzima kwa seminari na kwa kiwanda cha uchapaji kilichosambaza vitabu vya dini vya Kiswahili, mwenye kiwanja akitaka kuuza hapeleki tangazo gazetini. Anamwambia mtu anayejua watu: nitafutie mteja, ukifanikiwa nitakupa asilimia fulani. Dalali anapiga simu, anampakia mteja kwenye bodaboda, anamwonyesha mipaka na jirani wa kila upande, anarudi naye mara ya pili pamoja na mkewe, anapokea swali la hati na kulipeleka kwa mwenye mali, anasuluhisha bei. Mteja anatoa kishika uchumba. Hapo ndipo mteja na mwenye mali wanapobadilishana namba za simu, na wiki mbili baadaye mauziano yanaandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa bila dalali kuitwa. Anapodai haki yake anaulizwa: mkataba wako uko wapi?

Swali la namna hiyo liliwahi kuulizwa katika njia ya misafara iliyopita Tabora, miaka zaidi ya 160 iliyopita. Mwezi Juni 1857 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Zanzibar kwenda bara. Kiongozi wa msafara alikuwa Said bin Salim, aliyeteuliwa kwa msaada wa Sultani, na pamoja naye walikuwapo askari wa Kibaluchi na watumwa waliokodishwa na Ramji, karani Mhindi wa forodha. Balozi wa Uingereza Zanzibar, Atkins Hamerton, ndiye aliyepanga mambo. Alimwahidi Said bin Salim, kwa mdomo, zawadi ya fedha na saa ya dhahabu endapo angeufikisha msafara na kuurudisha salama. Hamerton alikufa Julai mwaka huohuo, siku chache tu baada ya msafara kuanza safari. Novemba msafara ulifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ambako mfanyabiashara Snay bin Amir alihifadhi bidhaa za wageni hao ghalani mwake na kuwapangia mambo ya safari ya kurudi. Februari 1858 wakafika Ujiji. Machi 1859 walikuwa wamerudi Zanzibar.

Kazi ilikuwa imefanyika na matokeo yalionekana. Burton hakulipa. Alidai kwamba ahadi ilikuwa na sharti la tabia njema, na kwamba Said bin Salim na wenzake walikuwa wavivu, wezi na watoro. Kisha akapanda chombo na kuondoka. Balozi mpya, Christopher Rigby, hakuwapo ahadi ilipotolewa, wala hakuwa na karatasi ya makubaliano. Alichokuwa nacho ni maneno ya waliokuwapo, na ukweli kwamba msafara ulikwenda na kurudi. Kwa ushahidi huo aliandikia serikali ya Bombay akitetea wadai. Walilipwa kwa fedha ya serikali, na Burton alikemewa rasmi: akijua kwamba yapo madai, ilimpasa kuyapeleka mbele ya balozi kabla hajaondoka Zanzibar. Burton mwenyewe alizichapa barua hizo mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1860, akiamini kwamba msomaji angemwona yeye ndiye aliyeonewa.

Yapo mambo katika kisa hicho yasiyopaswa kufunikwa. Watu wa Ramji walikuwa watumwa, na ujira wa mtumwa aliyekodishwa uliishia kwa bwana wake. Rigby naye hakuwa rafiki wa Burton. Lakini kiini cha hukumu kilikuwa sawa, na ndicho kinachohusika hapa. Aliyeahidi alikuwa kaburini, karatasi haikuwapo, mdaiwa alileta tuhuma za tabia baada ya kazi kwisha, na bado deni lilitambuliwa kuwa deni. Maofisa wa wakati ule walielewa jambo ambalo mwenye kiwanja wa leo anajifanya kutolielewa.

Hoja ya maandishi ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa kirefu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilitungwa ikifuata ile ya India ya mwaka 1872. Kifungu chake cha 10 kinasema, kwa ufupi, kwamba makubaliano yaliyofanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali, ni mkataba. Maandishi yanahitajika pale tu sheria nyingine inapoyataka. Hakuna katika Sura hiyo sharti kwamba mtu hawi wakala wa mwingine mpaka karatasi isainiwe. Uwakala unaweza kuundwa kwa maneno, au ukaonekana katika mwenendo: mwenye mali anayemkabidhi dalali ufunguo wa nyumba awaonyeshe wateja, akamtajia bei na kupokea taarifa zake kila jioni, ameshamfanya wakala.

Upotofu huu una chanzo chake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi. Watu wamelisikia hilo, na ni kweli, lakini wamelivuta mpaka mahali lisipofika. Kifungu hicho kinahusu anayeuza ardhi na anayenunua. Dalali hauzi ardhi wala hainunui. Haki anayodai ni ujira wa kazi. Kumwambia kwamba dai lake limekufa kwa kukosa maandishi kwa sababu kilichouzwa ni kiwanja ni kuchanganya mikataba miwili iliyo tofauti, mmoja wa mauziano na mwingine wa utumishi. Mawakili wa wadaiwa huutumia mchanganyiko huo kwa makusudi, na ni wajibu wa hakimu kuutenganisha.

Uingereza, nchi ya mikataba ya kurasa 40, imefikia hapohapo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua shauri la Wells na Devani. Mwenye nyumba alikuwa amejenga jengo London na amebaki na fleti ambazo hazijauzwa. Alizungumza na dalali kwa simu mwaka 2008. Dalali akataja kamisheni yake ya asilimia 2, na akaleta taasisi ya makazi iliyonunua fleti hizo kwa pauni milioni 2.1. Mwenye mali alipodaiwa alijitetea kwamba katika simu hiyo hawakutaja ni tukio gani lingefanya malipo yawe yamefika wakati wake, hivyo hapakuwa na mkataba kamili. Majaji wote walikataa. Mtu wa kawaida anayesikia kwamba dalali atalipwa asilimia 2 anaelewa kuwa atalipwa mauzo yakikamilika, kutokana na fedha ya mauzo, endapo mnunuzi ni yule aliyemleta. Inafaa kuongeza kwamba dalali huyo alikatwa theluthi moja ya madai yake, kwa sababu sheria ya madalali ya huko inamtaka awasilishe masharti kwa maandishi na hakufanya hivyo kwa wakati. Kosa la karatasi lilimpunguzia, halikumfutia.

Kinachobaki baada ya hapo ni suala la ushahidi, ambalo ni tofauti na suala la haki. Anayedai lazima athibitishe. Katika shauri la madai, hata hivyo, hatakiwi kuthibitisha pasipo shaka kama upande wa mashtaka katika kesi ya wizi. Kanuni za ushahidi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1964 zinatosheka iwapo ushahidi wa upande mmoja ni mzito kuliko wa mwingine. Na dalali wa siku hizi ana ushahidi mwingi kuliko anavyodhani. Upo ujumbe wa simu unaosema "mteja wako amefika", ipo picha ya kiwanja aliyotumiwa na mwenye mali, upo muamala wa fedha ya mafuta ya pikipiki, yupo dereva wa bodaboda, yupo jirani aliyeulizwa mpaka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliondoa shaka kwamba ujumbe wa simu hauwezi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Anayefuta ujumbe wake kila simu inapojaa anatupa mkataba wake.

Hoja ya pili, kwamba kamisheni ni asante, ni dhaifu zaidi, ingawa inaudhi zaidi. Anayetoa asante hutoa kwa kitu alichopewa bure. Dalali hakutoa bure, na mwenye mali alijua hivyo tangu siku ya kwanza. Hakuna mtu Tabora anayempa dalali ufunguo wa nyumba akidhani anamwomba hisani. Kwa hali hiyo Sheria ya Mikataba ina kifungu cha 70: mtu akimfanyia mwenzake jambo kihalali, bila nia ya kulifanya bure, na mwenzake akafaidika nalo, aliyefaidika anapaswa kumfidia. Kifungu hiki kinafanya kazi hata pale ambapo kiwango cha kamisheni hakikutajwa. Mahakama itauliza kazi hiyo ina thamani gani kwa desturi ya soko la mahali, kama vile madalali wa nyumba katika miji mikubwa wanavyojulikana kuchukua kodi ya mwezi mmoja. Kutotaja kiwango, basi, hakumpi mwenye mali ruhusa ya kupanga kiwango peke yake baada ya kazi kwisha.

Wanaotetea hoja ya asante hukimbilia ukubwa wa fedha: milioni nzima kwa kupiga simu mbili? Malalamiko hayo yana sauti ya haki kwa sababu yanaangalia mauzo yaliyofanikiwa tu. Wateja 20 walioonyeshwa kiwanja wakaondoka, safari zilizolipiwa nauli bila matunda, miezi bila kipato, vyote hivyo havikumgharimu mwenye mali hata senti. Alichagua mwenyewe kulipa kwa matokeo ili hasara ya kushindwa ibebwe na mwingine. Hawezi kuichukua nafuu ya mpango huo mauzo yasipokuwapo, kisha akaukataa mzigo wake mauzo yanapopatikana.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kidogo, na wanaoitetea wanaweza kutaja hukumu kubwa upande wao. Katika shauri la Luxor dhidi ya Cooper, lililoripotiwa mwaka 1941, dalali aliahidiwa pauni 10,000 kama majumba ya sinema yangeuzwa kwa bei isiyopungua pauni 185,000. Alimpata mnunuzi aliye tayari kwa bei hiyo, lakini wenye mali wakageuka na kuuza hisa za kampuni kwa watu wengine. Bunge la Mabwana, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, lilikataa kumlipa. Jaji mmoja, Lord Russell, alisema fedha hiyo ilikuwa sawa na mshahara wa mwaka mzima wa Lord Chansela kwa kazi ya siku 8 au 9, na kwamba anayekubali ujira mkubwa hivyo anakubali pia hatari ya kukosa. Hukumu hiyo inaheshimiwa katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, ingawa kwa mahakama za Tanzania ina uzito wa kushawishi tu.

Lakini isomwe vizuri. Dalali wa Luxor alishindwa kwa sababu mauzo aliyoahidiwa malipo yake hayakutokea. Mwenye mali alibaki na uhuru wa kutouza kwa mteja yule, na hakuuza kwake. Dalali anayezungukwa Kipalapala yuko katika hali iliyo kinyume kabisa: mauzo yametokea, mnunuzi ni yuleyule, kiwanja ni kilekile. Kilichoondolewa ni yeye tu. Swali ambalo mahakama hujiuliza ni nani aliyekuwa sababu hasa ya mauzo hayo, na kutokuwapo kwake siku ya kusaini hakubadilishi jibu. Ikiwa mnunuzi alikata tamaa, akaondoka, na mwaka mmoja baadaye akaletwa na dalali mwingine kwa bei nyingine, hapo dai la wa kwanza linaweza kuanguka, na ni haki lianguke. Ikiwa kilichotokea kati ya kuonyeshwa na kununua ni wiki mbili za ukimya na kubadilishana namba, mnyororo haujakatika.

Madalali nao wana makosa yao, na kuyaficha kungeharibu hoja nzima. Wapo wanaopokea kwa muuzaji na kwa mnunuzi bila kumwambia yeyote kati yao. Wapo wanaoweka cha juu: mwenye mali anataka milioni 5, mteja anaambiwa 6, tofauti inaishia njiani. Ikiwa mwenye mali alisema wazi kwamba inayozidi 5 ni ya dalali, hayo ni makubaliano halali. Ikiwa hakujua, dalali amevunja wajibu wa wakala wa kutoa hesabu ya kila alichopokea kwa jina la aliyemtuma, na sheria inamnyima ujira kwa sehemu ya kazi aliyoifanya vibaya. Adhabu hiyo ni kali na inamstahili. Ila ni adhabu ya kosa lililothibitishwa dhidi ya mtu fulani. Haiwezi kugeuzwa kuwa kisingizio cha kutomlipa dalali yeyote, kama Burton alivyowatupia tuhuma watu wake wote baada ya kuvuka bahari.

Kuna kundi jingine linaloumia kimyakimya zaidi kuliko madalali, nalo ni wauzaji wa kampuni wanaolipwa kwa kamisheni: wa bima, wa mikopo, wa vifaa vya sola, wa laini za simu. Hawa huvaa fulana ya kampuni, huamka kwa ratiba ya kampuni, hupewa lengo la mwezi, kisha mkataba unawaita mawakala huru ili kampuni isiwe na wajibu kwao. Siku wanapoachishwa wanaambiwa kwamba wateja waliowaleta bado hawajamaliza kulipa, hivyo kamisheni imeishia hapo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 hakidanganywi na jina. Mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi ikiwa mojawapo ya dalili kadhaa ipo: kazi yake au saa zake zinaongozwa na mwingine, amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa naye vitendea kazi. Dalili moja inatosha, na ni juu ya mwajiri kuonyesha vinginevyo. Na ujira, kwa maana ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo, ni malipo yote anayolipwa au anayodai mfanyakazi kutokana na ajira. Kamisheni haikuachwa nje.

Pengo la kweli katika sheria ya Tanzania liko kwingine. Muuzaji aliyeachishwa hana njia nyepesi ya kuona vitabu vya kampuni ili ajue wateja wake wamelipa kiasi gani. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 1986 kuhusu mawakala wa biashara, unampa wakala haki ya kupewa taarifa ya kamisheni yake na kudai dondoo za vitabu, na kamisheni ya mauzo yanayokamilika ndani ya muda wa kuridhisha baada ya uwakala kwisha, endapo yalitokana hasa na juhudi zake. Tanzania inahitaji kifungu cha namna hiyo, na wanaotunga sheria wangefanya jambo la maana kuanzia hapo badala ya kuwahimiza madalali wajisajili huku wanaowadhulumu hawaguswi.

Hata kabla ya marekebisho hayo, mlango upo wazi. Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, bila wakili. Barua ya madai itangulie, ikitaja mali, mnunuzi, bei, kiwango kilichoahidiwa na tarehe, kwa kuwa majibu ya mdaiwa mara nyingi humsaidia mdai: anayejibu "nitakulipa nikimaliza ujenzi" ameshakiri. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, yaani mauzo yalipokamilika na malipo yakakataliwa. Anayedai kama mfanyakazi anakwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwake saa inakimbia haraka zaidi: siku 60 kwa kamisheni isiyolipwa, na siku 30 ikiwa anapinga pia kuachishwa kwake. Akichelewa, lazima aombe kwanza aongezewe muda na aeleze sababu.